Kumwongezea mgonjwa damu wodini: mwongozo kamili wa muuguzi, kuanzia sampuli hadi chupa kwisha

Kutundika damu si kazi ngumu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaiweza. Kinachoharibika kila mara ni mambo mawili: kuhakikisha kwamba chupa hii ni ya mgonjwa huyu, na kukaa naye dakika 15 za mwanzo. Zamu ikielemewa, hayo ndiyo ya kwanza kurukwa, na ndiyo yanayoua. Mililita 5 hadi 10 za damu isiyolingana na kundi la mgonjwa zinatosha kuanza kupasua seli nyekundu ndani ya mishipa yake.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa mtu mzima aliyelazwa wodi ya magonjwa ya ndani au ya upasuaji. Watoto wana hesabu zao. Dawa zinazotajwa hutolewa kwa agizo la daktari au kwa utaratibu wa dharura wa kituo chako. Na tutasema "chupa" kama wodi zote zinavyosema, ingawa ni mfuko wa plastiki.

## Vifaa: viwe tayari kabla damu haijatoka benki ya damu

- Agizo la daktari kwenye faili na fomu ya ridhaa.
- Kanula (mrija mdogo unaobaki ndani ya mshipa) ya 18G (kijani). Ya 20G (waridi) inafaa pia. Ya 22G (bluu) inapitisha damu polepole, na chupa huweza kufikisha saa 4 kabla haijaisha.
- Seti ya damu yenye chujio la maikroni 170 hadi 200. Seti ya dripu ya kawaida haina chujio hilo. Seti za damu zikiisha stoo, toa taarifa. Usitundikie seti ya maji.
- Salaini (maji ya chumvi) ya 0.9% ml 500 na seti yake ya pembeni. Hii ndiyo utakayoihitaji damu ikimkataa mgonjwa, na wakati huo hutakuwa na nafasi ya kuitafuta.
- Glovu, spiriti, pamba, plasta na mpira wa kufungia mkono.
- Kipimajoto, mashine ya presha, kipima oksijeni cha kidoleni, na saa yenye mshale wa sekunde.
- Trei ya dharura: adrenalini ya mg 1 kwa ml 1, haidrokotisoni, klofeniramini, parasetamoli, furosemidi, sirinji na oksijeni inayofanya kazi. Fungua trei uone kwa macho. Ampuli iliyokuwepo jana huenda ilitumika usiku.
- Chupa ndogo mbili za sampuli, moja yenye dawa ya kuzuia kuganda (kifuniko cha zambarau) na moja kavu (kifuniko chekundu), pamoja na kopo la mkojo.
- Chati ya kuongezewa damu.

## Hatua ya 1: Soma agizo, zungumza na mgonjwa

Agizo lililokamilika linataja aina (damu kamili au seli nyekundu zilizotenganishwa), idadi ya chupa, muda wa kila chupa, na sababu. "Aongezewe damu" peke yake si agizo. Mrudie daktari.

Muulize mgonjwa mambo matatu. Umewahi kuongezewa damu? Ilikuwaje, ulitetemeka au kuvimba? Na kama ni mwanamke: umebeba mimba ngapi? Aliyewahi kuongezewa au kubeba mimba kadhaa anaweza kuwa na kingamwili zinazoifanya damu yake iwe ngumu kulinganisha, na maabara inahitaji kulijua hilo kabla ya kipimo.

Ridhaa ni ya mgonjwa mwenyewe akiwa na akili timamu, si ya shemeji aliyeleta chakula. Akikataa kwa sababu ya imani, kama Mashahidi wa Yehova wengi wanavyofanya, andika maneno yake kwenye faili, mwite daktari, usibishane naye kitandani.

## Hatua ya 2: Sampuli ya kulinganisha

Damu isiyo sahihi wakati mwingine haikukosewa siku ya kutundikwa. Ilikosewa pale sampuli ilipochukuliwa. Maabara itapima kwa uaminifu kabisa damu ya kitanda cha 6 na kuandika jina la kitanda cha 9, kwa sababu ndivyo chupa ndogo ilivyoandikwa.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu bila kuugeuza:

1. Nenda na chupa ndogo tupu, isiyoandikwa. Kuandika majina mezani kisha kuzunguka nazo mkononi ndicho chanzo kikubwa cha kubadilishana.
2. Mwombe mgonjwa ajitaje. Linganisha na faili.
3. Chukua damu kwenye mkono usio na dripu. Ukichukua juu ya kanula inayopitisha maji, sampuli inachujuka.
4. Andika papo hapo, ukiwa bado umesimama kando ya kitanda: majina matatu, namba ya faili, wodi, tarehe, saa na sahihi yako.
5. Hapo ndipo umgeukie mgonjwa mwingine.

Kama mgonjwa ameongezewa damu au alikuwa na mimba ndani ya miezi 3 iliyopita, sampuli yake hutumika kwa saa 72 tu. Zikipita, chukua nyingine, maana mwili wake unaweza kuwa umeshatengeneza kingamwili mpya.

Umefanikiwa hapa ikiwa mtu mwingine anaweza kuisoma lebo bila kukuuliza chochote.

## Hatua ya 3: Andaa mgonjwa kwanza, damu baadaye

Wengi hufanya kinyume. Damu inaletwa, inawekwa juu ya kabati, ndipo msako wa mshipa unaanza. Mshipa unagoma mara tatu, saa nzima inakatika, na chupa imeshapata joto la chumba.

Weka kanula, sukuma ml 5 za salaini uone inapita bila kuvimba, kisha ifunge vizuri. Mpeleke msalani au mpe bedpani. Kisha pima na kuandika joto, mapigo, pumzi, presha na oksijeni. Pumzi zihesabu dakika nzima. Ile "20" inayoandikwa kwa kila mgonjwa wodini haitakusaidia baadaye utakapotaka kujua kama kifua kimebadilika.

Sikiliza na kifua kwa stetoskopu, chini mgongoni pande zote mbili. Kama tayari kuna mlio wa kukwaruza kama nywele zinazosuguliwa sikioni, mwambie daktari kabla hujaanza, kwa sababu huyo ni mgonjwa wa kuzidiwa na maji.

Joto likiwa 38 au zaidi, mwambie daktari pia. Mwenye malaria kali anaweza kuwa anaihitaji damu leo leo, na daktari anaweza kuagiza parasetamoli kwanza. Hoja si kuizuia damu. Ni kwamba bila namba ya mwanzo hutajua baadaye kama homa ni ya malaria au imeletwa na chupa.

## Hatua ya 4: Kuichukua benki ya damu

Nenda na karatasi yenye majina na namba ya faili, si na kumbukumbu ya kichwani. Chukua chupa moja kwa mgonjwa mmoja. Ukibeba mbili za wagonjwa wawili umejitengenezea mtego mwenyewe.

Ikague ukiwa bado dirishani:

- Tarehe ya mwisho wa matumizi. Damu kamili yenye kihifadhi cha CPDA-1 hukaa siku 35 katika nyuzijoto 2 hadi 6.
- Matundu au unyevu wa damu kwenye mishono. Ibane kidogo uone.
- Mabonge.
- Rangi. Seli nyekundu zikiwa zimetulia chini, tazama mstari unaozitenganisha na plazma, yaani majimaji ya damu yaliyo juu yake. Plazma ikiwa ya waridi au nyekundu, seli zimepasuka. Chupa ikiwa nyeusi au zambarau, huenda ina bakteria. Irudishe.

Saa inaanza kuhesabu chupa inapotoka kwenye friji: una dakika 30 za kuanza kuitundika na saa 4 za kuimaliza. Mambo yakikwama, irudishe benki ndani ya hizo dakika 30. Friji ya wodi inayotunza insulini, chanjo na juisi za wauguzi si mahali pake, kwani joto lake halidhibitiwi, na seli zikigandia ukutani hupasuka.

Usiipashe kwenye maji ya moto, juani wala kwapani. Kwa kasi ya kawaida damu ya baridi haimdhuru mtu mzima. Anayehitaji damu ya vuguvugu ni yule anayepewa chupa nyingi kwa haraka, na hiyo hupashwa kwa mashine maalumu.

## Hatua ya 5: Ukaguzi wa kitandani

Watu wawili, kando ya kitanda. Si meza ya wauguzi, si mlangoni. Ukaguzi uliofanyiwa mezani umethibitisha kwamba karatasi inafanana na chupa, haujamgusa mgonjwa.

Usimwulize, "Wewe ndiye Mwanaidi?" Mgonjwa mwenye homa, usingizi au heshima nyingi ataitikia jina lolote. Uliza hivi:

"Shikamoo mama. Naomba unitajie majina yako matatu, taratibu."

Anapotaja, mwenzako anafuatisha kwa kidole kwenye lebo ya chupa na wewe kwenye faili. Kisha mnasomeana kwa sauti, mmoja anasoma na mwingine anathibitisha:

1. Majina yote matatu. Akina Mwanaidi Hamisi wawili katika wodi moja si jambo la ajabu. Jina la babu au namba ya faili ndiyo itakayowatenganisha.
2. Namba ya faili, tarakimu kwa tarakimu.
3. Kundi la damu la mgonjwa, la chupa, na la karatasi ya maabara.
4. Namba ya chupa, kwenye lebo na kwenye karatasi.
5. Majibu ya kipimo cha ulinganifu, kile ambacho wodini kinaitwa krosimachi.
6. Tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa mara ya pili.

Kwa seli nyekundu, mgonjwa wa A hupokea A au O, wa B hupokea B au O, wa AB hupokea zote, na wa O hupokea O peke yake. Mwenye Rhesus hasi apewe hasi, na kwa mwanamke ambaye bado anazaa sharti hilo lina uzito zaidi. Damu kamili ina plazma yake ndani, kwa hiyo kinachotakiwa ni kundi lile lile. Kumpa O mgonjwa wa kundi jingine ni uamuzi wa daktari na benki ya damu, si wako.

Herufi moja ikipishana, "Hamis" na "Hamisi", simama. Ndiyo, inachosha, na ndugu watanung'unika kwamba damu imefika na mgonjwa wao bado anasubiri. Piga simu maabara. Kurekebisha lebo kwa kalamu yako mwenyewe ni kosa ambalo hakuna utaratibu wa hospitali unaoliruhusu.

Mgonjwa asiyejitambua hutambuliwa kwa kitambulisho cha mkononi. Pasipo na bangili, plasta iliyoandikwa jina na namba ya faili na kubandikwa mkononi tangu mapokezi inafaa kuliko namba ya kitanda. Wagonjwa huhamishwa vitanda.

Wote wawili wekeni sahihi. Kuanzia hapo chupa isiondoke machoni pako mpaka itundikwe.

## Hatua ya 6: Kutundika

Nawa mikono, vaa glovu. Funga kibano cha seti kabla ya kutoboa. Igeuze chupa taratibu mara kadhaa ili seli zichanganyike. Usiitikise kama dawa ya kikohozi.

Ilaze juu ya meza unapoitoboa. Ukiitoboa ikiwa inaning'inia na ncha ikachepuka, utaipasua ubavuni na damu yote imepotea. Itundike, minya chumba cha matone mpaka damu ifunike chujio na kufika nusu, toa hewa kwenye mrija, kisha unganisha na kanula.

Katika mrija huo isipite kitu kingine isipokuwa salaini ya 0.9%. Dripu ya dekstrozi hufanya seli zigandane na kupasuka. Ringer lakteti ina kalisiamu inayoshindana na kizuia kuganda kilichomo kwenye chupa, na mabonge yataanza kwenye mrija. Dawa yoyote, hata furosemidi iliyoagizwa sambamba na damu, haichomwi ndani ya chupa. Sitisha damu, sukuma salaini, toa dawa, sukuma salaini tena, endelea. Au tumia kanula nyingine.

Andika saa ya kuanza kwa mfumo wa saa 24. Si urasimu. "Ilianza saa tatu" ya makabidhiano imeshageuka 03:00 kwenye chati za watu wengi, na zamu inayofuata haijui tena ni lini saa 4 zinatimia. Saa tatu asubuhi andika 09:00, na kando yake andika mwisho wake.

## Hatua ya 7: Dakika 15 za kwanza

Weka kasi ya ml 1 kwa dakika hivi. Kwa seti ya matone 20 kwa ml, ni matone 20 kwa dakika. Vuta kiti ukae.

Sababu ya kwenda polepole ni ya kihesabu. Madhara mabaya kabisa, yaani kundi lisilolingana, mzio mkali na chupa yenye bakteria, huanza mapema, na ukali wake unategemea kiasi kilichoingia. Kwa kasi hii ni ml 15 tu zitakuwa zimepita. Mrija ukiachwa wazi, robo saa hiyo hiyo imemeza mamia.

Mwambie mgonjwa maneno haya kwa lugha anayoielewa: "Ukisikia baridi, muwasho, kifua kubana, kiuno kuuma, au mkono kuwaka moto hapa penye sindano, niite. Hata kama ni kidogo." Na mgonjwa akikuambia, "Nesi, sijisikii vizuri, naona kama nakufa," usimtulize. Simamisha damu kwanza. Hisia hiyo ya kuogofya hutangulia presha kushuka, na haimo kwenye mashine yoyote uliyonayo.

Aliye usingizini kwa dawa za upasuaji hawezi kukuambia. Kwake dalili ni tatu: presha kushuka bila sababu, kidonda kuanza kuvuja damu kila mahali, na mkojo kwenye mfuko wa katheta kugeuka rangi ya juisi ya rosela.

Baada ya dakika 15 pima vyote tena. Joto likiwa halijapanda kwa nyuzi 1, mapigo na presha viko pale pale, ngozi ni safi na mgonjwa anaongea kawaida, umevuka.

## Hatua ya 8: Weka kasi

Kanuni ni moja: ml zilizobaki × matone kwa ml ÷ dakika zilizobaki.

Soma pakiti ya seti, maana ziko za matone 15 na za matone 20. Kukisia hapa hukosesha hesabu kwa robo nzima.

Mfano wa damu kamili. Chupa ina ml 450 za damu na ml 63 za kihifadhi, jumla 513. Zimeingia 15, zimebaki 498. Unataka iishe ndani ya saa 3 na dakika 30 tangu kuanza, ili usibanwe na kikomo, kwa hiyo zimebaki dakika 195. Kwa seti ya 20: 498 × 20 ÷ 195 = matone 51 kwa dakika. Kwa seti ya 15 ni matone 38.

Mfano wa seli nyekundu, ml 300, mgonjwa asiye na tatizo la moyo, muda wa saa 2 na nusu: 285 × 20 ÷ 135 = matone 42. Mzee mwenye moyo mpana, chupa hiyo hiyo kwa saa 3 na dakika 45: 285 × 20 ÷ 210 = matone 27.

Hesabu matone kwa dakika nzima, kisha rudi baada ya dakika 10. Mgonjwa akikunja mkono kasi hubadilika. Ikisimama, angalia kwa mpangilio: kibano, mkono uliokunjwa, urefu wa stendi, chujio lililojaa, halafu kanula. Usisukume bonge kwa sirinji.

Saa 4 zikitimia damu ikiwa bado ipo, itoe. Andika kiasi kilichobaki. Inauma kumwaga damu ambayo ndugu walihangaika kuitafutia wachangiaji, lakini kwenye joto la wodi zetu bakteria wachache waliokuwa wamelala kwenye ubaridi wanazaana.

## Hatua ya 9: Uangalizi unaoendelea

Pima kila saa kwa uchache, chupa inapoisha, na saa 4 baada ya kwisha. Kwa mzee, mwenye ugonjwa wa moyo au figo, na aliyeishi na upungufu mkubwa wa damu kwa muda mrefu, pima kila nusu saa, na kila mara sikiliza kifua. Huyu wa mwisho huwadanganya wengi: wingi wa damu ni gramu 4 kwa desilita, anaonekana mkavu, kwa hiyo anaharakishiwa. Kumbe mwili wake umeshajaza mishipa kwa maji, na ml 500 za ziada ndizo zinazomzamisha.

Andika maji yanayoingia na mkojo unaotoka. Badilisha seti kila saa 12, au baada ya chupa 4 kama zimetangulia. Penye joto kali, mapema zaidi.

## Mgonjwa akibadilika

Kwa dalili yoyote, mpangilio wa mwanzo ni ule ule:

1. Funga kibano cha damu.
2. Kanula ibaki. Ukiitoa, presha ikishuka hutapata mshipa mwingine.
3. Toa seti yote ya damu, unganisha salaini kwa seti mpya. Ukipitisha salaini kwenye mrija ule ule, unamsukumia mgonjwa damu iliyobaki ndani yake.
4. Njia ya hewa, oksijeni, vipimo vyote. Mwite daktari, mtu mwingine aende, wewe usiondoke.
5. Soma tena majina na namba: mgonjwa, chupa, karatasi. Ikiwa ni chupa ya mtu mwingine, piga simu benki ya damu mara moja, kwa sababu huenda mgonjwa wa pili anatundikiwa ya huyu.

Baada ya hapo tenganisha.

Vipele na muwasho tu, bila homa, pumzi na presha viko sawa. Hii ndiyo hali pekee ambamo daktari anaweza kuruhusu damu iendelee polepole baada ya dawa ya mzio. Isipotulia ndani ya dakika 30, ichukulie kuwa kubwa.

Homa na kutetemeka. Joto limepanda nyuzi 1 au zaidi na kufika 38. Mara nyingi ni mwitikio usio wa hatari, lakini kitandani huwezi kuutofautisha na kundi lisilolingana au bakteria. Parasetamoli, maji ya salaini, sampuli maabara.

Presha kushuka, maumivu ya kiuno, mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Damu inapasuka, au chupa ina bakteria. Salaini huagizwa ml 20 hadi 30 kwa kilo; kwa mtu wa kilo 60 ni lita 1.2 hadi 1.8. Weka katheta, pima mkojo kila saa, kwani figo ndizo zinazofuata.

Koo kubana, uso kuvimba, kifua kupiga mluzi, presha kuanguka. Adrenalini mg 0.5, yaani ml 0.5 ya ile ya mg 1 kwa ml, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Asipobadilika, rudia baada ya dakika 5. Klofeniramini na haidrokotisoni hufuata. Kuanza na hizo na kuacha adrenalini kwenye trei ni kosa la kila siku.

Pumzi kubana, mlio wa maji kifuani, presha kupanda, mishipa ya shingo kusimama. Amezidiwa. Mkalishe, miguu ining'inie, oksijeni, furosemidi kwa agizo. Usimpe salaini ya haraka. Iwe ya kutunza mshipa tu. Presha ikiwa imeshuka badala ya kupanda, na ni ndani ya saa 6 tangu kuongezewa, mkumbushe daktari kwamba damu yenyewe inaweza kujeruhi mapafu, na huyo hasaidiwi na furosemidi.

Peleka maabara chupa ikiwa na seti yake bila kuitenganisha, sampuli mbili za damu kutoka mkono wa pili, na mkojo wa kwanza atakaoutoa. Kusanya mkojo wa saa 24. Chupa iliyotupwa kwenye ndoo taka imeondoka na jibu.

## Hatua ya 10: Kufunga

Chupa ikiisha, pitisha salaini kidogo kusafisha mrija. Andika saa ya kumaliza, ml zilizoingia, namba ya chupa, vipimo, na kama kulikuwa na tatizo au la. Chupa tupu itunzwe kwa muda ambao kituo chako kimepanga.

Wingi wa damu upimwe saa 24 baadaye. Chupa moja kwa mtu wa kilo 70 hupandisha takribani gramu 1 kwa desilita. Aliyepata chupa 2 na hajapanda hata nusu, ama anavuja mahali, ama seli zinapasuka. Mwambie daktari kabla hajaandika chupa ya 3.

Anaporuhusiwa kwenda nyumbani, mwambie yeye na anayemuuguza: katika wiki 2 zijazo, macho yakiwa ya manjano, mkojo ukiwa mweusi, au uchovu na homa vikirudi, arudi hospitali na aseme aliongezewa damu, na tarehe yake. Iandike tarehe hiyo kwenye cheti chake, kwa herufi zinazosomeka.